PERICLES WA ATHENS NA MLANGO WA CHAMA

Hotuba iliyosomwa na ndugu wa reli katika mkutano wa wafanyakazi, Galbet, Garissa



Sisi ni watu wa reli, walakini tumekuja kwenu kwa basi, maana reli haijafika Garissa. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango mkubwa wa bandari ya Lamu, na katika karatasi za mpango huo imo njia ya reli kupita huku. Sisi twaingoja pamoja nanyi. Jana tulipovuka daraja la Tana, mzee mmoja aliyekaa nasi alicheka akasema, "Sasa mmetoka Kenya." Tulicheka naye, lakini neno lake lilikaa nasi usiku kucha, na mtaona kwa nini.

Katibu wenu alitutaka tuseme habari za uongozi mwema. Jambo hili ni gumu, maana ukimsifu kiongozi aliye hai wataka cheo, na ukimlaumu watafuta ugomvi. Basi tumechagua mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, ili mtu yeyote asiseme tunamsema yeye. Ila atakayewashwa na ajikune.

Mtu huyo ni Pericles wa Athens, katika nchi ya Ugiriki. Waliosoma Biblia wanaujua mji huo kwa jina la Athene, ambako Mtume Paulo alisimama akahubiri. Na waliosoma madrasa wamesikia majina ya Aflatuni na Aristu, waliofundisha katika mji huo, na vitabu vyao vikasomwa Baghdad kwa Kiarabu. Pericles aliishi kabla ya hao wote. Miaka yake ni ya kabla ya Kristo, nayo huhesabiwa kurudi nyuma. Alifariki mwaka 429. Habari zake twazipata hasa kwa waandishi wawili: Thucydides, aliyeishi zama zake, na Plutarch, aliyeandika kiasi cha miaka 500 baadaye.

Zama zake huitwa zama za dhahabu za Athens. Sisi wafanyakazi tukisikia neno dhahabu hatuna budi kuuliza: dhahabu hiyo ilikuwa ya nani, nani aliibeba mgongoni, na nani aliachwa nje ya mlango?

POSHO YA SIKU

Katika Athens hapakuwa na mfalme. Raia walikutana juu ya kilima kinachoitwa Pnyx, na kila raia mwanamume, awe na ng'ombe mia au asiwe na mbuzi, aliweza kusimama akasema, na mkono wake ulihesabiwa mmoja. Pericles hakuwa na kiti cha enzi. Alikuwa mmoja wa majemadari kumi, waliochaguliwa kila mwaka kwa kuinua mikono. Tangu mwaka 443 alichaguliwa mfululizo miaka kama 15, na kila mwaka ilimpasa kurudi mbele ya watu wale wale.

Sasa sikilizeni jambo lililomfanya apendwe na maskini. Mahakama za Athens zilikuwa za watu. Kila mwaka raia 6,000 walitolewa kwa kura ya bahati, wakawa waamuzi. Lakini maskini atawezaje kukaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni? Akiacha kazi, watoto watalala njaa. Basi mwenye mali ndiye angekaa, naye angeamua kwa faida ya wenye mali. Pericles akaleta sheria kwamba mwamuzi alipwe posho ya siku. Zilikuwa oboli chache tu, fedha ndogo isiyomtajirisha mtu. Lakini kwa fedha hiyo ndogo fundi wa viatu aliweza kukaa pamoja na mwenye shamba.

Ndugu, sisi twalijua jambo hili kwa ngozi zetu. Mjumbe wa chama akiitwa kwenda kuzungumza na mwajiri, hukatwa siku yake. Akikatwa mara tatu, mke wake humwuliza kama chama ndicho kitakachopika. Haki isiyo na posho ni haki ya tajiri. Hilo ni funzo la kwanza la Pericles.

NYUMBU ALIYEPEWA PENSHENI

Mwaka 447 walianza kujenga hekalu kubwa juu ya mlima wa mji, linaloitwa Parthenon, na kazi yote ikaisha mwaka 432. Mawe yake yangali yamesimama hata leo. Wasimamizi wa ujenzi walikuwa Ictinus na Callicrates, na mkubwa wa wachongaji alikuwa Pheidias.

Plutarch anawataja waliopata kazi kwa sababu ya majengo yale, na orodha yake yatufurahisha kama daftari la malipo: maseremala, wafua shaba, wachonga mawe, wapaka rangi, mabaharia, waunda magari ya kukokotwa, wachunga ng'ombe wa kukokota, wasuka kamba, washona ngozi, watengeneza barabara, wachimba madini. Anasema Pericles alitaka wale wasiokwenda vitani nao wapate sehemu ya fedha ya mji, lakini wasiipate kwa kukaa bure. Waipate kwa kazi.

Ninyi wenye mikokoteni ya punda mtapenda habari hii. Nyumbu walivuta mawe kwenda juu mlimani. Waliochoka kwa kazi wakafunguliwa wakale majani. Nyumbu mmoja mzee alirudi kwa hiari yake, akawa anatembea mbele ya wenzake wanaovuta, kama anayewapa moyo. Watu wa Athens walipoona hayo wakapitisha azimio kwamba alishwe kwa gharama ya serikali mpaka afe. Basi hata nyumbu alipata pensheni, nasi twajua wazee waliobeba mizigo miaka 30 wakaondoka mikono mitupu.

Na mshahara? Hesabu za hekalu jingine lililojengwa mlimani hapo, Erechtheion, zilichongwa kwenye mawe, na baadhi yake zimebaki. Hizo ni za kiasi cha miaka 20 baada ya Pericles kufa. Mle mmeandikwa raia, wageni wakazi na watumwa waliofanya kazi bega kwa bega, na kiwango cha kawaida ni drakma moja kwa siku, bila kutazama huyu ni nani. Kazi moja, malipo mamoja. Twajua fedha ya mtumwa mara nyingi iliishia kwa bwana wake, wala hatuusifu utumwa. Lakini kiwango kilikuwa kimoja, nacho kimeandikwa jiweni.

HESABU HADHARANI

Ndani ya Parthenon palikuwa na sanamu ya Athena iliyovikwa dhahabu, zaidi ya talanta 40. Talanta ni ile ile ya Injili, kipimo kikubwa cha fedha. Plutarch asema Pericles alimshauri Pheidias aifunge dhahabu hiyo kwa namna ambayo yaweza kuvuliwa yote na kupimwa. Adui zao walipomshitaki Pheidias kwa wizi, jibu lilikuwa tayari: leteni mizani.

Waweka hazina, mwasikia? Mizani iwe tayari kabla ya mashitaka.

Walakini tusimfanye malaika. Mwaka mmoja, alipotoa hesabu ya ujemadari wake, Pericles aliandika talanta 10 kwa "matumizi ya lazima", asiseme zaidi. Plutarch asema watu walizikubali bila kuuliza, na wengine walisema ilikuwa rushwa ya kuwatuliza wakubwa wa Sparta. Watu walimwamini, wakanyamaza. Sisi twasema: hata umwamini namna gani, usinyamaze. Mweka hazina wetu akiandika "matumizi ya lazima", tutamwuliza ni ya lazima kwa nani.

Tena fedha yenyewe ilitoka wapi? Miji mingi ya visiwani na pwani ilikuwa imefanya umoja na Athens kujilinda na Waajemi, ikatoa michango. Mwaka 454 hazina ya umoja huo ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos ikapelekwa Athens. Mchango ukawa kodi. Kisiwa cha Samos kilipoasi mwaka 440, Pericles mwenyewe alikwenda na manowari kukitiisha. Wapo watu wa Athens waliosema barazani kwamba ni aibu kuupamba mji kwa fedha ya wenzao. Majengo yalikuwa mazuri, na kazi ilipatikana, lakini aliyelipa gharama alikuwa mbali na hakuwa na mkono wa kuinua.

Habari hii si ngeni kwetu. Tom Mboya alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, Katibu Mkuu wa shirikisho la wafanyakazi la Kenya tangu mwaka 1953, nasi tunamheshimu. Alipokuwa waziri wa mipango ya uchumi, serikali ilitoa mwaka 1965 karatasi namba 10, naye ndiye aliyekuwa mbele katika kuitetea. Karatasi hiyo ilisema fedha ya maendeleo ipelekwe mahali itakapozaa zaidi upesi. Mahali hapo palikuwa penye mvua na reli. Ninyi mnajua ni upande gani wa daraja. Ilichukua mpaka katiba ya mwaka 2010 kuandika mfuko wa kusawazisha kwa sehemu zilizoachwa nyuma. Twasema hili ili mjue kwamba hata kiongozi aliyetoka kwa wafanyakazi aweza kuchora mstari na wafanyakazi wengine wakabaki ng'ambo yake.

MLANGO UNAFUNGWA

Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta.

Zamani, mtu wa Athens alikuwa raia kama baba yake alikuwa raia. Mwaka 451 Pericles alileta sheria mpya: hatakuwa raia ila yule ambaye baba na mama wote wawili ni wa Athens. Kwa nini aliileta? Uraia ulikuwa umekuwa na faida. Palikuwa na posho, palikuwa na vyeo. Penye faida, watu hutaka kupunguza wanaogawana.

Fikirini. Themistocles, aliyewashauri waunde manowari, akawaongoza kuwashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480, Plutarch asema mama yake alikuwa mgeni. Cleisthenes, aliyeweka misingi ya utawala wa watu katika mji ule, mama yake alitoka Sicyon. Huyo Cleisthenes alikuwa wa ukoo wa Pericles kwa upande wa mama. Kama sheria ile ingalikuwako zamani, waliojenga nyumba wasingaliruhusiwa kuingia.

Kisha ikaja njaa na chakula cha msaada. Kiasi cha mwaka 445 mtawala mmoja wa Misri alileta nafaka kama zawadi kwa watu wa Athens. Nafaka ilipotaka kugawanywa, watu wakaanza kuulizana: wewe baba yako nani? Mama yako katoka wapi? Majirani wakachongeana. Plutarch asema karibu watu 5,000 waliondolewa katika daftari, nao wakauzwa utumwani.

Ndugu wa Galbet, tunaona mnatazamana. Ninyi hamhitaji Plutarch. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wote wakaguliwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho, kadi ambayo jirani yao wa kabila jingine hakuulizwa. Na tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, ukame ulipobana, wako Wakenya wenye njaa waliokwenda kuandikwa huko wapate posho ya unga na mafuta. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake siku ile alitiwa alama za vidole, na alipofika miaka 18 akaambiwa: wewe ni mkimbizi, jina lako limo katika mashine. Nafaka ya Misri na unga wa Dadaab ni habari moja. Mtu alikwenda kutafuta chakula, akarudi hana nchi.

Mmoja wetu katika reli ni kijana wa huku. Alipotafuta kitambulisho, ofisi moja ilimtaka alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu alizaliwa penye ngamia, si penye karani. Kijana alirudi mara nne, na kila safari ilikuwa nauli na siku ya kazi. Sisi wa Voi na Nakuru tulipokwenda kuchukua vya kwetu hatukuulizwa habari za babu. Hapo ndipo tulipoelewa utani wa mzee wa daraja. Mwaka 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ukaguzi ule wa ziada umefutwa. Twashukuru. Lakini miaka iliyopotea hairudishwi kwa tangazo.

SHERIA YAMRUDIA MWENYEWE

Turudi kwa Pericles. Aliachana na mkewe, akaishi na Aspasia, mwanamke mwenye akili sana, aliyetoka mji wa Miletus. Akazaa naye mtoto wa kiume, akampa jina lake, Pericles. Mtoto huyo, kwa sheria ya baba yake mwenyewe, hakuwa raia.

Mwaka 431 vita vya Sparta vilianza, na watu wa mashamba wakaingizwa ndani ya kuta za mji. Mwaka 430, katika msongamano ule, tauni ikaingia. Watu wakafa kama nzi. Raia kwa hasira wakamtoza Pericles faini na kumvua cheo, kisha baadaye wakamchagua tena, maana hawakuona mwingine wa kumfananisha naye. Wanawe wawili wa mke wa kwanza, Xanthippus na Paralus, wote walikufa kwa tauni. Mtu huyu hakuwahi kuonekana akilia mbele za watu. Lakini alipomwekea Paralus shada la maua la maiti, alishindwa, akalia kwa sauti.

Hakubaki ila mtoto wa Aspasia. Basi mtunga sheria akasimama mbele ya watu akaomba sheria yake ilegezwe, ili mwanawe aandikwe. Watu wakamhurumia, wakakubali. Muda si mrefu tauni ikamchukua na yeye.

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini sisi hatumcheki. Twauliza tu: na wale 5,000? Hao hawakuwa na baba jemadari wa kuwaombea. Huruma iliyopatikana kwa mtoto wa mkubwa ilipaswa kuwa sheria kwa mtoto wa mpiga kasia.

NA SISI HAPA

Tumeambiwa kwamba katika tawi hili kuna hoja mezani. Wako wanaosema kadi ya chama apewe mwenye kitambulisho tu, na hamali asiye nacho, hata kama abeba gunia lile lile na kupakia mbuzi katika lori lile lile la sokoni, asiandikwe. Wanasema, "Tukiwaingiza hawa, faida yetu itapungua." Twawaelewa. Kazi ni chache na watoto ni wengi. Pericles alifikiri hivyo hivyo.

Lakini hesabuni pamoja nasi. Asiye na kitambulisho mwajiri humlipa pungufu, kwa kuwa hawezi kwenda kushitaki. Kesho mwajiri atakuja kwako wewe mwenye kitambulisho, akuambie, "Yule hufanya kwa bei hii, wataka, hutaki?" Ukimfungia mwenzako nje ya mlango, umempa mwajiri fimbo ya kukuchapia. Ukimwingiza, mwajiri amebaki na bei moja. Waliochonga mawe ya Erechtheion walilipwa bei moja.

Tena Kenya ina mfano wake. Mwaka 1935 Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab, alishika kazi ya chama cha Wahindi mjini Nairobi. Chama kilikuwa cha Wahindi tu. Mwaka huo huo kikageuzwa kuwa chama cha wafanyakazi wa Kenya wote, bila kubagua rangi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliongoza shirikisho la kwanza la vyama vya Afrika Mashariki. Wakoloni walimtia kizuizini mwaka 1950, wakampeleka Lokitaung, huko kaskazini kwenye jua kali, wakamweka kifungoni mpaka mwaka 1961. Alipofungua mlango wa chama, wakoloni walimfungia mlango wa gereza. Lakini ule wa chama haukufungwa tena, nasi sote twaupitia.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaliombea tawi lenu mambo manne. Mjumbe akienda kwa kazi ya chama, alipwe posho ya siku yake. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi, mizani tayari. Viongozi wachaguliwe kila mwaka kwa mikono, hata wakiwa wazuri kama Pericles. La nne, na ndilo kubwa: anayeandikwa chamani asiulizwe "wewe mtoto wa nani?" Aulizwe "wewe wafanya kazi gani?" Akionyesha mabega yake, apewe kadi.

Plutarch anasimulia kwamba mtu mmoja alimfuata Pericles mchana kutwa akimtukana, mpaka mlangoni kwake. Usiku ulikuwa umeingia. Pericles hakujibu neno. Alimwita mtumishi, akamwambia ashike mwenge amsindikize mtu yule mpaka kwao, asije akajikwaa gizani. Ikiwa leo kuna aliyekasirika kwa maneno yetu, na aseme. Mkutano ni wake. Sisi tutamshikia taa.

Umoja ni nguvu.